Kivuli Tunachokikimbia

Wale walio na Biblia karibu na wafungue kitabu cha Mwanzo sura ya 32 na kuweka alama hapo, kwa maana tutaifikia baadaye kidogo. Wale walio jikoni na waendelee kupika, ila wapunguze kelele za sufuria, maana neno la leo si la kusikilizwa kwa sikio moja.

Twataka kusema juu ya hofu zilizo ndani yetu, na juu ya ule upande wa moyo ambao hatutaki mtu mwingine auone. Wengine wetu hatutaki hata sisi wenyewe kuuona.

Mnamo Novemba 1925 daktari mmoja kutoka Uswisi alishuka melini pale Mombasa. Jina lake lilikuwa Carl Gustav Jung. Alikuwa mwana wa mchungaji, na ukoo wake ulikuwa na wachungaji wengi, lakini yeye kazi yake ilikuwa kuwatibu watu waliosumbuka akilini na kuchunguza mambo ya nafsi. Akafika Nairobi, kisha yeye na wenzake wakasafiri kupitia Kakamega hadi miteremko ya Mlima Elgon. Huko alikaa majuma kadhaa kati ya wazee wa jamii ambayo leo twaijua kwa jina la Wasabaot. Alikuwa amejifunza Kiswahili kiasi, akawa akiketi na wazee hao na kuwauliza habari za ndoto, na za Mungu, na za mambo wanayoyaogopa.

Baadaye aliandika aliyoyaona. Alfajiri wazee hao walitoka nje ya nyumba zao, wakatema mate kidogo viganjani, wakaviinua viganja kulielekea jua linalochomoza. Mchana kutwa walimwambia kwamba Muumba ni mwema na kwamba vyote alivyoviumba ni vyema. Lakini jua lilipotua, wazee wale wale walizungumza kwa namna nyingine kabisa. Sasa ilikuwa zamu ya yule waliyemwita ayik, mwenye giza na hofu, na habari zikawa za mizimu, uchawi, na mambo yanayomvizia mtu njiani. Kulipokucha hofu ikaondoka na wema ukarudi, kana kwamba usiku haukuwapo. Kilichomshangaza daktari ni kwamba wazee hawakuona kuwa mambo hayo mawili yanapingana.

Yule alikuwa mgeni, na majuma machache hayatoshi kuijua nyumba ya mtu, sembuse moyo wake. Hatulazimiki kukubali kila alilodhani kuhusu wazee wetu. Hata hivyo, ushuhuda wake tukiusoma leo hautupi nafasi ya kuwacheka watu wa Elgon. Je, hatuwajui Wakristo wa mchana na Wakristo wa usiku? Wakati mwingine ni mtu mmoja, na jina lake limo katika kitabu cha washiriki.

Tumfikirie mama aliye na mtoto mgonjwa. Amempeleka hospitali, akapewa dawa. Amemleta kanisani, akaombewa. Siku ya nne homa inarudi, na mama mkwe anasema neno moja tu jioni, kwamba ugonjwa huu si wa hospitali. Usiku huo mama anafunga leso kichwani, anampakata mtoto, anapitia njia ya nyuma hadi kwa mganga. Jumapili yuko katika kiti chake kanisani na kitambaa chake cheupe, anaimba sauti ya pili vizuri kuliko wengine. Tena yumkini anaimba kwa moyo wa kweli.

Mimbari zetu humkemea mganga kwa nguvu nyingi. Twaona ni haki kumkemea. Lakini hofu iliyomtoa yule mama nyumbani usiku haijakemewa wala haijaguswa, kwa sababu hakuna aliyemwuliza anaogopa nini hasa. Pengine anaogopa kwamba mtoto akifa, watu wa nyumba ile watasema ni yeye. Pengine kuna jirani waliyegombana naye juu ya mpaka wa shamba, na tangu siku ile amekuwa akimwombea mabaya moyoni. Sasa anadhani jirani naye hufanya vivyo hivyo, na kwamba amemzidi nguvu. Hofu ya namna hiyo haitoki kwa kuambiwa kwamba uchawi ni dhambi. Mama huyo analijua hilo tangu darasa la kipaimara.

Jung aliuita upande huo wa mtu kivuli. Alisema kwamba mambo tunayoyakataa ndani yetu, kama vile wivu, hasira, tamaa na woga, hayafi kwa sababu tumeyakataa. Huenda kukaa mahali pasipo na mwanga, na huko hupata nguvu. Kisha hutokea kwa njia tusiyoitazamia: twayaona kwa jirani. Mwenye kiburi asichokijua huwa mwepesi kuliko wote kutambua kiburi cha mwenziwe. Si kila fundisho la daktari huyu twaweza kulipokea, na juu ya Mungu aliandika mambo ambayo Kanisa haliwezi kuyakubali. Lakini hakuwa mtu wa kuwachunguza wengine peke yao. Kuanzia mwaka 1913 alijikabili mwenyewe, akaziandika ndoto na maono yaliyomtisha, na baadaye akayanakili katika kitabu kikubwa chenye jalada jekundu. Kitabu hicho hakikuchapishwa ila mwaka 2009, miaka 48 baada ya kufa kwake.

Jambo hili la kumwona jirani na kujisahau halikungoja daktari wa Uswisi. Bwana wetu alilisema waziwazi katika Mathayo sura ya 7, aliponena juu ya kibanzi na boriti. Na zamani kabla ya hapo Nathani alimwendea Daudi.

Hebu tulitazame jambo hilo kwa makini, katika kitabu cha pili cha Samweli, sura ya 12. Daudi amemchukua mke wa Uria, na Uria ameuawa vitani kwa hila. Mambo yametulia. Mfalme anakula, analala, anaamua mashauri ya watu. Nathani hamwambii kwamba ametenda dhambi. Anamsimulia habari ya tajiri mwenye kondoo wengi aliyemnyang'anya maskini kondoo wake mmoja wa pekee. Daudi anawaka hasira. Anaapa kwamba mtu huyo astahili kufa, na kwamba atalipa kondoo wanne kwa mmoja. Sasa angalieni. Kulipa wanne kwa mmoja ndiyo sheria ya Musa juu ya mwizi wa kondoo, twaisoma katika Kutoka 22. Lakini hukumu ya kifo haimo katika sheria hiyo. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba mwizi wa kondoo auawe. Basi ile ziada ya hasira ilitoka wapi?

Ilitoka kwa Daudi mwenyewe. Alikuwa akimhukumu mtu anayemfahamu sana bila kujua kwamba anamfahamu. Tukitaka alama moja ya kutuonyesha mahali kivuli chetu kilipojificha, twaonelea kwamba ndiyo hii: hasira iliyozidi kosa. Mtoto amevunja kikombe, naye anachapwa kama aliyechoma nyumba. Karani amechelewa dakika kumi, naye anatukanwa mbele ya watu. Mzee wa kanisa anataka msichana aliyepata mimba atengwe, na afukuzwe kwaya, na jina lake lisomwe, na bado haridhiki. Tunapoona ziada, na tuulize inatoka wapi.

Hapa yafaa tuseme neno juu ya uamsho, kwa sababu ndugu wa uamsho walitufundisha mengi juu ya kuyaweka mambo nuruni. Moto ule uliowaka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ulifika Kenya mwaka 1937, na watu wakaanza kufanya jambo gumu: kusimama mbele ya wenzao na kuitaja dhambi kwa jina lake. Watu walirudisha vitu vya wizi. Mabwana waliwaomba wake zao msamaha, jambo ambalo halikuwa la kawaida. Na ilipofika miaka ya hatari, baada ya Oktoba 1952, wako ndugu waliokataa kiapo na wakakataa na bunduki ya serikali pia, wakafa. Mtu asiyejijua hasimami hivyo.

Lakini ushuhuda nao waweza kugeuka kuwa vazi. Twawasikia watu wakiungama ulevi walioacha miaka 30 iliyopita, kwa maneno yale yale, na mahali pa kulia ni pale pale. Dhambi ya zamani imekuwa salama, haiumi tena. Ya juma hili haisemwi. Je, kuhusu ile barua tuliyoificha? Kuhusu ndugu yetu ambaye hatujaongea naye tangu baba alipogawa shamba? Kuhusu hofu inayotuamsha saa tisa za usiku, kwamba tutazeeka bila mtu wa kututunza?

Kwa hiyo sisi twapenda sana mfano wa Augustino. Alikuwa Mwafrika, aliyezaliwa mwaka 354 katika mji wa Thagaste, ambao leo uko katika nchi ya Algeria. Alianza kuandika kitabu chake cha Maungamo kama mwaka 397, naye wakati huo alikuwa askofu tayari. Watu wengi hukumbuka kisa cha mapeasi: alipokuwa na umri wa miaka 16, yeye na vijana wenzake waliiba mapeasi usiku, nao hawakuwa na njaa, wakawatupia nguruwe. Augustino anakirudia kisa hicho kwa kirefu, hata msomaji hushangaa. Mbona kelele nyingi hivyo kwa mapeasi? Lakini yeye hataki kukiacha mpaka ajue ni kwa nini. Anagundua kwamba peke yake asingeiba, na kwamba lile wazo la kutenda lililokatazwa lilikuwa tamu kuliko matunda.

Sehemu hiyo husomwa sana. Sehemu isiyosomwa sana ni kitabu cha kumi, ambapo askofu haandiki tena juu ya kijana wa zamani. Anaandika juu yake mwenyewe kama alivyo siku hizo. Anasema kwamba ndoto za maisha ya kale bado humjia usingizini. Anasema kwamba chakula bado humtega. Na anakiri kwamba anapenda kusifiwa, wala hajui jinsi ya kujitenga na jambo hilo, maana hata akiwa mnyenyekevu hufurahia kusifiwa kwa unyenyekevu wake. Hebu fikirini askofu akiwaandikia waumini wake maneno kama hayo. Hakumaliza kazi yake kwa aibu. Aliendelea kuwa askofu wa Hippo hadi alipokufa mwaka 430.

Sasa, mtu wa kawaida, mwenye shamba, au duka, au kazi ya ofisi, atajichunguzaje? Kitabu cha Sala chatupa ungamo la pamoja, nasi hulisema kila ibada. Ni jema, lakini ni rahisi kujificha ndani ya sauti za wengi. Twahitaji pia robo saa ya peke yetu, jioni, kabla ya kulala, redio ikiwa imezimwa. Hata redio hii. Tuipitie siku kama mtu anayerudi njiani kutafuta kitu kilichomdondoka. Ni nani aliyetuudhi leo kupita kiasi? Ni wakati gani tulisema neno lisilo kweli, na tulikuwa tukilinda nini? Ni habari gani ilitufanya tumbo likaze? Tusikimbilie kujibu. Na jibu likija, tulitaje mbele za Mungu kwa jina lake halisi. Kusema "nisamehe makosa yangu" ni rahisi kuliko kusema "Bwana, nilifurahi niliposikia kwamba mtoto wa dada yangu ameanguka mtihani."

Wengi hutumia Zaburi ya 139 katika saa kama hiyo, na ni chaguo zuri. Ila tusiiruke mistari ya 19 hadi 22, ambayo mara nyingi huachwa katika ibada kwa sababu inatuaibisha. Mwenye zaburi amekuwa akimsifu Mungu aliyemfuma tumboni mwa mama yake, mara anageuka na kuwachukia adui kwa chuki iliyokamilika, anataka wafe. Ndipo hapo hapo, mstari unaofuata, anamwomba Mungu amchunguze aone kama iko njia mbaya ndani yake. Hakuificha chuki kwanza ndipo aombe. Aliomba ikiwa bado mdomoni.

Yako mambo mengine yasiyofaa kushughulikiwa chumbani peke yako. Yakobo katika waraka wake, sura ya 5, atuagiza kuungamiana, na hekima yataka tumchague mtu mmoja anayeweza kunyamaza. Si kila mwenye Biblia kwapani aweza kunyamaza. Tena iko hofu ambayo ni ugonjwa: mtu halali majuma mengi, hali, anaona hakuna sababu ya kuishi. Huyo asiambiwe kwamba imani yake ni haba. Apelekwe kwa daktari, na tuendelee kumwombea, kama tunavyofanya kwa mwenye malaria. Na neno jingine ambalo hatuna budi kulisema kwa ukali kidogo: mke anayepigwa nyumbani asije akaambiwa na wazee kwamba ajichunguze moyo wake. Wa kuchunguzwa anajulikana. Kwanza yule mama apate mahali salama.

Iko pia hatari ya kuchimba bila kikomo. Martin Luther alipokuwa mtawa aliungama kwa muda mrefu mno na mara nyingi mno, hata Johann von Staupitz, aliyekuwa muungamishi wake, akachoka naye. Staupitz alimwelekeza amtazame Kristo aliyejeruhiwa. Tusiufanye uchunguzi wa moyo kuwa nyumba ya kukaa.

Sasa turudi katika Mwanzo 32, pale tulipoweka alama. Yakobo anarudi kwao baada ya miaka 20 kwa Labani, na amesikia kwamba Esau anakuja kumlaki na watu 400. Anaogopa sana, na kwa woga wake anafanya alilozoea kufanya, yaani hesabu. Anawagawa watu wake makundi mawili, ili moja likipigwa jingine liokoke. Anatuma zawadi mbele: mbuzi, kondoo, ngamia, ng'ombe na punda. Ukiwajumlisha wanapita 550, na amewapanga kundi baada ya kundi ili hasira ya ndugu yake ipoe njiani. Kisha anawavusha wake zake na watoto wake kivuko cha Yaboki. Mali yote imevuka. Hana kitu cha kumficha tena. Hapo usiku mtu anashindana naye hadi alfajiri, na anamwuliza swali moja: jina lako nani?

Mnakumbuka mara ya kwanza alipoulizwa yeye ni nani. Ilikuwa katika sura ya 27, mbele ya baba yake kipofu, na alijibu kwamba yeye ni Esau. Hofu yake yote ya miaka 20 ilianzia katika jibu lile. Askari 400 walikuwa nje, lakini Esau aliyemwogopa zaidi ni yule aliyemwiba. Usiku huu anajibu kwamba yeye ni Yakobo, na jina hilo lenyewe Esau alikuwa amekwisha kuligeuza kuwa mashtaka: mtu wa kushika wenzake kisigino, mdanganyifu. Akalisema. Ndipo akabarikiwa na kupewa jina jipya, na uvungu wa paja lake ulikuwa umekwisha kuteguka. Jua likamzukia akichechemea.

Esau alipomwona alipiga mbio, akamkumbatia, wakalia wote wawili. Yakobo akasema kwamba kuuona uso wa ndugu yake ni kama kuuona uso wa Mungu.

Mahubiri mengi huishia hapo, lakini Maandiko hayaishii hapo. Katika sura ya 33 Esau anamkaribisha waende pamoja hadi Seiri. Yakobo anamwambia atangulie, kwa maana watoto ni wachanga na wanyama wananyonyesha, na kwamba atamfuata polepole. Esau anaondoka siku hiyo. Yakobo naye akaenda Sukothi, akajijengea nyumba, akatengeneza na vibanda kwa mifugo yake. Hatusomi kwamba alifika Seiri. Siku moja tu baada ya Yaboki, maneno yalikuwa yameanza kupinda tena, na Mungu hakumnyang'anya lile jina la Israeli.

Na tuombe. Ee Bwana, wewe unayejua jina tunaloitwa kanisani na lile tunalolificha, utungoje usiku huu, wala usitukasirikie tukichelewa kujibu. Mkumbuke mama aliye na mtoto mgonjwa. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.